Nia ya Joachim

Tangu Jumatano ya Majivu, Jumuiya ya Mtakatifu Matiya ilikuwa ikimwombea Joachim achague. Hakuwa mgonjwa, hakuwa mlevi, na akili zake zilikuwa timamu kuliko za baadhi ya waliokuwa wakimwombea. Alichokosa ni uamuzi tu. Kila Jumamosi asubuhi, wanajumuiya wakishaketi kwenye mikeka na viti vya plastiki, mwenyekiti wao, Mama Eufrazia, huuliza nani ana nia ya kuombewa. Nia hutoka kwa mpangilio ule ule: wagonjwa, wasafiri, watoto wenye mitihani, kisha Clara, mke wa Joachim, huinua mkono na kusema, "Kwa ajili ya mume wangu, ili achague mashine." Nao wote huitikia kwamba Bwana awasikie.

Wakati wa Kwaresima waliitikia kwa moyo. Baada ya Pasaka wakaitikia kwa mazoea. Sasa ilikuwa Mei, masika yamekolea, na watu ambao mabati yao yalikuwa yanavuja hawakuona kwa nini mbingu ishughulishwe na fundi mmoja asiyejua anachotaka. Jumamosi hiyo walikuwa wamekusanyika nyumbani kwa Joachim mwenyewe, Magomeni ya Bagamoyo. Clara aliposhusha mkono, Mama Eufrazia aliweka rozari yake mapajani.

"Bado tu?"

"Nipo mwishoni, mama," Joachim akajibu.

"Hata Jumapili ya Matawi ulikuwa mwishoni."

Joachim alitazama mkeka. Alijua jina lake lilikwisha kuvuka mipaka ya jumuiya. Sokoni, mama wa nyanya akiona mteja anafinyafinya tu bila kununua, humwambia asimfanyie mambo ya Joachim. Alikwisha kuyasikia hayo kwa masikio yake mwenyewe, siku moja akiwa ameshika nyanya.

Ndipo Mzee Oswaldi, katekista mstaafu, alipokohoa. Kikohozi cha Mzee Oswaldi kilijulikana, kilitangulia hotuba. Akakumbusha kwamba somo wao, Mtakatifu Matiya, alipata utume kwa kura. Mitume walikuwa na watu wawili wazuri mbele yao, hawakukesha wakilinganisha sifa zao, walisali wakapiga kura. Na sikukuu ya somo ilikuwa Alhamisi iliyokuwa inakuja. Kwa hiyo baada ya Misa na kabla ya pilau, jumuiya ipige kura, mashine ijulikane, na nia ifungwe.

Joachim akasema kwa heshima zote kwamba vifaa vya umeme havichaguliwi hivyo. Mzee Oswaldi akamjibu kwamba utume ni mzito kuliko umeme, na bado walipiga kura. Mama Eufrazia akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Wa kwanza kunyoosha alikuwa Clara.

* * *

Kifaa chenyewe kingeweza kuingia kwenye mfuko wa koti. Joachim alitengeneza bodi, vile vibao vya umeme vinavyoamua friji iwake lini na izime lini. Katikati ya bodi hukaa chipu, na chipu ikitoka dukani haijui lolote. Ni lazima iandikwe maagizo kwanza. Kifaa cha kuiandikia mafundi hukiita programa, na Joachim hakuwa nayo. Alipotaka kuandika chipu alizitia kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, akaenda Dar es Salaam kwa rafiki yake Emmanueli, akaandikiwa, akarudi Bagamoyo, akagundua kosa moja dogo, na kesho yake akaenda tena. Emmanueli mwenyewe hakuwahi kulalamika. Mkewe ndiye aliyeanza kumpelekea Joachim chai isiyo na sukari.

Programa alizozitaka zilikuwa tatu. Nyeusi iliandika chipu za karibu kila kampuni duniani, ila soketi zake za ziada, vile vitundu vya kuchomekea miguu ya chipu, zilikuwa adimu. Ya kijani nayo iliandika nyingi, hata chipu iliyokwisha kuchomelewa kwenye bodi, ila Joachim hakuwa na hakika kama ingeelewana na laptopu yake ya zamani. Ya tatu, ndogo kama kiberiti, iliandika chipu za ukoo mmoja tu, lakini iliziandika vizuri. Kila moja ilishinda hapa ikashindwa pale, na kila alipokaribia kuamua alikumbuka jambo ambalo hakulipima. Alimweleza kila aliyekaa karibu naye. Mama Eufrazia, ambaye maishani mwake hakuwahi kufungua hata redio, alikwisha kujua soketi ya miguu arobaini ni nini. Clara alipitiwa na usingizi akielezwa kasi ya kuandika, akaamka akielezwa masasisho.

"Wewe unataka inayoandika zote," Clara alimwambia siku moja, "kwa sababu ukichukua ya aina moja utakuwa umezikataa nyingine. Na wewe hujawahi kukataa kitu."

Clara alimjua mtu wake. Joachim alimchumbia kwa muda mrefu hadi wenzake Clara wakawa wanabeba watoto wa pili. Mwishowe Clara alikwenda parokiani mwenyewe akaandikisha ndoa, na Jumapili padre akasoma tangazo. Joachim aliposikia jina lake aligeuka nyuma aone ni Joachim yupi anayeoa. Kisha akamwona Clara upande wa wanawake, na jirani yake alipomnong'oneza kama ndiye yeye, akasema, "Ndiyo, ndiye mimi huyo huyo." Tangu siku hiyo Clara hakuwahi kumwona tena akiamua jambo upesi namna ile.

* * *

Jumuiya walipokuwa bado wanatafuta viatu vyao mlangoni, hodi ya Bwana Himid ikasikika. Familia ya Bwana Himid ilikuwa ya biashara tangu babu zake walipofika kutoka Omani, na yeye alikuwa na kiwanda kidogo cha barafu karibu na soko la samaki. Umeme wa kupanda na kushuka ulikuwa umeunguza bodi za mashine zake. Bodi za kuagiza nje zilichelewa, na ndipo alipompa Joachim kazi ya kumtengenezea nyingine, pamoja na malipo ya awali ya kununulia kifaa. Fedha hizo zilikaa kwenye simu ya Clara, maana wote wawili, mteja na mke, walijua zikikaa kwa Joachim hazitaliwa, lakini hazitanunua kitu.

"Shikamoo, Bwana Himid," Joachim akasema, akimfutia kiti.

"Marahaba, fundi. Mama Teddy, hujambo? Na Teddy huko bweni?" Akaulizia afya ya kila mtu, hata ya kuku, kisha ndipo akaketi. "Fundi, mimi sikuharakishi. Barafu ndiyo inayokuharakisha."

Akaeleza kwamba mzigo mkubwa wa samaki wa Saadani ungeingia Jumatatu baada ya sikukuu yao, na yeye amekwisha kuahidi barafu. Bodi ya mfano aliyoletewa ilikuwa nzuri, lakini alipoomba baridi iongezwe kidogo, Joachim alisafiri hadi Dar, na barafu ikawa uji.

"Kuna fundi wa Dar kanipigia simu," Bwana Himid akaendelea, akiitazama kofia yake mkononi. "Kijana mstaarabu sana. Nikamwambia ninaye fundi wangu. Akaniuliza, huyo fundi wako ana vifaa? Nikanyamaza."

Ule unyamavu wa Bwana Himid kwenye simu ulimuuma Joachim kuliko tusi. Bwana Himid alipoondoka, Joachim alimwambia mkewe kwamba sasa amekwisha kuamua, ni nyeusi. Walipokaa kula mchana alikuwa anafikiria tena ile ndogo.

Clara alitafuna wali wake polepole. Kazi hii ikienda Dar, malipo ya awali yatarudi kwa mwenyewe, Teddy ataitwa ofisini kwa mkuu wa shule mbele ya wenzake kwa sababu ya ada, na fundi Joachim atabaki jina la kutania wanunuzi wa nyanya. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Yeye alimtania mumewe kila siku, lakini hiyo ilikuwa haki yake, si ya soko zima.

* * *

Jumatatu Clara alikwenda Kariakoo kununua vitambaa vya sare za shule, maana yeye alikuwa fundi cherehani. Alipomaliza vitambaa aliingia mtaa wa vifaa vya umeme, na hapo akafanya kama alivyofanya siku aliyonunua cherehani yake. Hakuuliza habari za miguu wala kasi. Aliuliza ikiharibika anatengeneza nani, na vipuri vinapatikana wapi. Kisha akachukua namba za simu za wauzaji, akatoka nje, akasimama kibarazani na kuwapigia. Muuzaji wa nyeusi hakupokea. Muuzaji wa ile ndogo alipokea akasema yuko kwenye kikao, na Clara alikuwa anamwona kupitia kioo akila muhogo. Muuzaji wa ya kijani alipokea mara moja, akamwita mama, akamuuliza kama mvua imemnyeshea.

Clara akarudi ndani kwa huyo. Kwa kuwa hakuwa mjinga, akauliza na swali la kitaalamu: je, inaandika chipu zote?

"Zote, mama," muuzaji akasema. "Hata zile ambazo bado hazijatengenezwa."

Juu ya kichwa chake palikuwa na kibao kilichosema mali ikishauzwa hairudishwi. Clara akalipa. Boksi akalificha kwenye vitambaa vya sare, na alipofika nyumbani akalisukuma chini ya kitanda, nyuma ya sanduku la Teddy.

Angeweza kumpa mumewe jioni ile ile. Lakini alimjua. Angemshukuru, angeizungusha mkononi, kisha angeanza kuifikiria ile nyeusi, na angeifikiria hadi uzeeni. Ikitoka kwa kura, mbele ya somo na jumuiya nzima, hata Joachim angeona aibu kuendelea kupima. Kwa hiyo Jumatano, Mama Eufrazia alipopita kuuliza nani ataandika karatasi za kura, Clara alisema asijisumbue, yeye anayo mikasi. Alikata karatasi tatu, akaandika Kijani kwenye ya kwanza, akaandika Kijani kwenye ya pili, akasita kidogo akimfikiria Mtakatifu Matiya, kisha akaandika Kijani kwenye ya tatu.

* * *

Sikukuu ilifana. Padre alisoma Misa chini ya turubai uani kwa Joachim, akabariki sufuria, akaondoka mapema kwa sababu alikuwa na msiba Kaole. Bwana Himid alileta barafu ya soda, kama alivyofanya kila mwaka, barafu ya mashine yake moja iliyobaki, na akalazimishwa kukaa asubiri pilau. Mzee Oswaldi alisimama, akakohoa, akaleta kikapu cha ukindu chenye karatasi tatu zilizokunjwa.

Hapo likazuka suala la nani achomoe. Mama Eufrazia hakufaa kwa sababu alijulikana anaipenda nyeusi. Aliwahi kusema inaonekana ya heshima. Mzee Oswaldi alikuwa upande wa ile ndogo kwa ajili ya unyenyekevu wake. Kila mwanajumuiya alikuwa na yake, na palikaribia kutokea maneno. Mwishowe Mama Eufrazia akamgeukia Bwana Himid, akasema yeye si wa jumuiya, hana upande, na mkono wake ni safi.

Bwana Himid alicheka, akaangalia kama wanatania, akaona hawatanii. Akakunja mkono wa kanzu. "Bismillahi," akasema, na jumuiya nzima ikaitikia amina. Mkono ukaingia kapuni, ukachelewa kidogo, ukatoka. Akakunjua karatasi akaisoma.

"Kijani."

Watu wakapiga makofi. Mzee Oswaldi, mtu wa utaratibu, akataka zilizobaki nazo zisomwe ili shetani asipate pa kuingilia. Clara alikikwapua kikapu kabla hajamaliza kusema, akasema kura ikishatoka nyingine huchomwa, hata huko Roma ndivyo, na akamimina vilivyomo kwenye jiko la mkaa lililokuwa chini ya sufuria. Hakuna aliyekuwa na hakika kuhusu Roma kiasi cha kumpinga. Kisha akaingia ndani na kutoka na boksi.

Sasa ndipo mambo yalipokuwa makubwa kuliko alivyopanga. Yeye alitaka tu kusema kwamba alinunua Jumatatu kwa kubahatisha. Mzee Oswaldi akanyanyua mikono yote miwili. Mwanamke huyu, akawaambia watu, amekwenda Kariakoo bila kujua, amenunua bila kujua, na leo kura imemthibitisha kwa mkono wa mtu asiye hata Mkristo. Akasema ushuhuda huu atautoa parokiani Jumapili. Mama mmoja akaanza wimbo. Clara alisimama katikati ya uwanja na boksi lake, anatabasamu kwa midomo, macho yanatafuta pa kujificha.

Joachim alipewa kiti na meza. Laptopu ikaletwa. Akafungua boksi, akachomeka waya, akatia diski ya programu, na moyo wake ukaanza kuchangamka, maana ile laptopu ya zamani ilielewana na kifaa bila ugomvi. Taa ikawaka. Orodha ya chipu ikafunguka, ndefu isiyo na mwisho. Watu walimsonga mgongoni, wengine na sahani mkononi. Akaandika jina la chipu yake kwenye kisanduku cha kutafutia.

Haikuwepo.

Akaandika tena, taratibu, herufi kwa herufi. Haikuwepo. Ilikuwa chipu ya ukoo mpya, ya bei nafuu, na waliotengeneza Kijani hawakuwa wameiweka. Miezi yote hiyo Joachim alikuwa amepima soketi, kasi, waya na masasisho, amesoma hata malalamiko ya mafundi wa nchi asizojua ziko wapi, na hakuwahi kufanya jambo la kwanza kabisa ambalo lingefanywa na mtu yeyote: kutafuta kama chipu yake imo. Alimweleza Clara kila kitu kuhusu mashine. Jina la chipu hakuwahi kumtajia. Jumuiya ilikuwa imeombea programa tangu Jumatano ya Majivu, na chipu haikuombewa hata siku moja.

"Inafaa?" Mzee Oswaldi akauliza juu ya bega lake.

Joachim akainua macho. Angeweza kusema ukweli, kwa sauti ndogo tu, naye angekuwa msafi. Kura isingekuwa kura, ushuhuda usingekuwa ushuhuda, na mbele ya watu wote fedha za Bwana Himid zingekuwa zimenunua kitu kisichorudishwa dukani. Akamwona Clara. Alikuwa amesimama karibu na jiko, mwiko mkononi, na tabasamu lilikuwa limekwisha kumtoka usoni. Alikwisha kuona namna mumewe alivyoandika lile jina mara mbili. Hakujua kosa ni nini, lakini alijua ni lake.

"Inafaa," Joachim akasema. "Ndiyo hii hii niliyokuwa naitaka."

Hakusita hata kidogo. Waliomjua walishangaa kuliko walivyoshangaa kura.

"Basi Jumatatu, fundi," Bwana Himid akasema kwa upole.

"Jumatatu, Bwana Himid."

Pilau ikapakuliwa. Joachim alikula sahani mbili, na baadaye hakukumbuka kama ilikuwa na nyama.

* * *

Kesho yake mchana Clara alimkuta mezani akiwa ametandaza bodi zote kwenye gazeti. Alikuwa anazing'oa zile chipu mpya na kukata njia za shaba kwa wembe. Pembeni yake kulikuwa na kopo la kahawa lenye chipu nyingine, za kizamani, pana, ambazo aliwahi kuzinunua kwa jumla kutoka kiwanda kilichofungwa na kuona aibu kuzionyesha kwa wateja. Clara aliweka kikombe cha chai, yenye sukari ya kutosha, akakaa kwenye kigoda.

"Haikufaa," akasema.

"Mashine inafaa," Joachim akajibu bila kuinua kichwa. "Chipu ndiyo haikufaa."

"Usinifiche, Baba Teddy."

Akamweleza. Chipu aliyoichagua haimo kwenye Kijani, na kuiandikisha ni kurudi kwa Emmanueli, kila kosa safari. Hii ya kizamani imo. Ina miguu michache, kwa hiyo ile namba ya baridi iliyokuwa ikionekana kwenye kioo itabidi iondoke, zibaki taa mbili tu, nyekundu na kijani, na maagizo yote yaandikwe upya. Clara alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaanza kulia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akisema alisimama mvuani kwenye kibaraza akipiga simu tatu, na muuzaji alimwambia zote, mpaka zisizotengenezwa.

"Angekwambia nini? Swali ulilopaswa kumuuliza ni jina la chipu, nami sikukutajia."

"Sikukuuliza."

"Hakuna aliyeuliza. Hata mimi sikujiuliza."

Akashika chipu moja ya kizamani kwa koleo, akaiweka kwenye soketi ya Kijani, akabonyeza. Mstari ukajaa kwenye kioo cha laptopu, na programa ikatoa mlio mfupi. Ilikuwa imeandika. Akagundua kosa dogo, akalirekebisha, akaiandika tena pale pale, bila gari, bila kopo la mafuta, bila chai ya mke wa Emmanueli. Akairudia tena, ingawa safari hii hapakuwa na kosa lolote, kwa raha tu ya kuisikia ikilia. Clara alifuta macho kwa kanga na kuuliza kama inawezekana naye abonyeze.

Tangu hapo hadi Jumapili Joachim hakutoka mezani ila kwenda Misa. Huko, Mzee Oswaldi alitoa ushuhuda wake na kuurefusha. Waumini walimgeukia Joachim, naye akaitikia kwa kichwa, akiwa anahesabu miguu ya chipu akilini.

* * *

Jumatatu mashine za barafu zilinguruma zote pamoja. Taa nyekundu zikawaka, na barafu ilipoganda zikageuka kijani moja baada ya nyingine. Joachim alianza kuomba radhi kwamba namba za baridi hazionekani tena. Bwana Himid alimkatiza. Alisema afadhali, maana vijana wake walikuwa wakibishana kuhusu zile namba kama wabunge. Taa mbili kila mtu anaelewa. Samaki wa Saadani wakaingia, wakalazwa kwenye barafu. Simu ya Bwana Himid ikalia, naye akaipokea palepale mbele ya Joachim.

"Ndiyo, kijana wangu. Ahsante kwa kunikumbuka. Ninaye fundi wangu. Ndiyo, vifaa anavyo." Akakata simu, akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa karatasi iliyokunjwa. "Fundi, hii ni amana yenu. Siku ile mkono wangu ulitoka na mbili, zilishikana. Moja niliisoma, hii nikaibana kiganjani. Mimi mfanyabiashara, nikiona mzigo wa mtu, siufungui mbele za watu."

Joachim aliikunjua njiani, akasimama katikati ya barabara mpaka bajaji ikampigia honi.

Nyumbani Clara alikuwa kwenye cherehani, anashona sare. Joachim akaiweka ile karatasi juu ya kitambaa, karibu na sindano. Clara akaisoma bila kuacha kukanyaga.

"Bwana Himid kanipa. Na ile ya tatu?"

"Ilikuwa hiyo hiyo."

"Na kama Mzee Oswaldi angekuwahi kwenye kikapu?"

"Ningezitafuna."

Joachim akacheka mpaka akajishikilia ukuta. Alipotulia alikuta Clara ameacha kukanyaga, anamtazama.

"Nami nikuulize," akasema. "Jumapili ile ya tangazo. Uliposikia jina lako. Ulikuwa umekwisha kuamua?"

Joachim alifikiri. Alifikiri muda wa kutosha mtu mwingine kuchukia, lakini Clara alikuwa amezoea.

"Nilikuwa bado napima," akakiri.

"Na mbona ulisema ndiye wewe?"

"Nilikuona uso."

Clara akainama, akatafuta uzi ambao haukuwa umepotea. Alikumbuka alivyokuwa amekaa kule upande wa wanawake, akijua kwamba kama mtu yule angetikisa kichwa tu, yeye asingeweza tena kupita Bagamoyo mchana. Alikumbuka pia jiko la mkaa na mwiko mkononi.

"Na sasa? Umemaliza kupima?"

"Bado kidogo," Joachim akasema. "Lakini usimwambie Mama Eufrazia, asije akaniwekea nia."

Clara akamrushia utepe wa kupimia. Ulimpata begani, ukaning'inia hapo, na Joachim akaenda nao mezani kwake kuandika chipu.